Kulea Watoto Wadogo Katika Mji wa Lindi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa Chama)



Halmashauri ya Chama ilipotuletea barua ya kututaka tuseme mbele yenu juu ya ulezi wa watoto wadogo, nia yetu ya kwanza ilikuwa kukataa, kwa kuwa sisi si waganga wala si mabingwa wa lishe. Tu mume na mke, sote wawili twaandika na kuhesabu katika ofisi za serikali, na watoto wetu ni wawili tu. Lakini Bwana Katibu akatujibu ya kuwa waganga wamekwisha sema mara nyingi katika ukumbi huu, na watu husikiliza, hupiga makofi, kisha hurudi nyumbani wakaendelea kama walivyozoea. Labda safari hii wangependa kuwasikia wenzao waliokosea. Kwa sharti hilo tumekubali. Tutasema tulivyokosea, na yaliyotupata, na machache tuliyojifunza baadaye.

Wala mtu asidhani kwamba khabari za nyumbani si khabari za chama cha watumishi. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenziwe walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga, hawakukutana kwa ajili ya mishahara peke yake. Mtumishi ni mtu wa kuhamishwa. Leo yuko kwao, kesho apata barua, na mwezi haujaisha amekwisha fungasha vyombo vyake kwenda mji asiokuwa na shangazi wala mama mkwe. Aliye kwao mtoto akilia usiku hugonga mlango wa pili. Aliye ugenini hugonga mlango gani?

Sisi tulihamishwa kutoka Makete, nchi ya baridi kali, ambako mtu huota moto hata mchana na mbu ni wachache mno. Tulifika Lindi mwezi wa Novemba, joto likiwa limepamba na mvua za kwanza zikinusia. Kijana wetu alikuwa ana miaka mitatu, na binti yetu hajatimiza miezi miwili. Tulipata nyumba njema isiyo mbali na pwani, na jioni ya kwanza tukawachukua watoto kuitazama ghuba, na vyombo vinavyovuka kwenda Kitunda. Kijana alikuwa hajapata kuiona bahari. Aliuliza ni nani aliyemwaga maji mengi hivi.

Basi, kosa letu la kwanza lilikuwa katika sanduku. Vyandarua tulikuwa navyo viwili, vyote vyenye dawa. Kimoja mama alikipata kliniki alipokuwa mjamzito, nacho tukakitundika juu ya kitanda alicholala yeye na mtoto mchanga. Cha pili kilibaki sandukuni, kimekunjwa vizuri kama kanzu ya sikukuu. Si kwamba hatukujua kazi yake. Twajua sote kwamba malaria huletwa na mbu jike aitwaye anofelesi, naye hupenda kuuma usiku watu walalapo. Ila joto la Lindi lilitushinda. Kijana alikuwa akilia akiwekwa ndani ya chandarua, akisema hapati hewa. Baba yake naye, ambaye alilala naye chumba kimoja, hakuwa na hamu ya kubishana na mtoto saa nne za usiku. Tukasema tutakitundika joto likipungua. Wenyeji wa hapa watacheka, maana wao wanajua joto la Lindi hupungua lini.

Jambo la pili tulilokuwa hatulijui ni hili, nalo lawahusu hasa wale miongoni mwenu waliotoka Njombe, Mbeya, Makete na nchi nyingine za juu. Mtoto aliyezaliwa na kukulia pwani, akiugua malaria mara kwa mara na kupona, mwili wake hujifunza kidogo kidogo kupigana na ugonjwa ule, japo miaka mitano ya kwanza ni ya hatari kwake vilevile. Mtoto aliyetoka milimani hana mazoezi hayo hata kidogo. Akiumwa na mbu mwenye vimelea, hushambuliwa kama mji usio na boma. Hata mtu mzima wa milimani akishuka pwani huwa hivyo hivyo.

Mwezi wa Januari, siku ya Jumamosi, kijana akaanza kuwaka mwili. Tukampa dawa ya kutuliza homa iliyonunuliwa dukani, na jasho likamtoka, na jioni akacheza na mpira wake. Tukajipongeza. Jumapili homa ikarudi, tukampa tena, ikashuka tena. Jumatatu tulikwenda kazini, sote wawili, kwa sababu kulikuwa na hesabu za kufunga. Mama alikuwa na haki ya kubaki nyumbani, kwani likizo yake ya uzazi ilikuwa haijaisha, lakini alikuwa ameitwa kwa nusu siku, naye akaona haya kukataa. Twalisema hili si kwa kumlaumu aliyemwita, bali kwa kuwa wengi katika ukumbi huu wamekwisha kuona haya kama hiyo.

Usiku wa Jumatatu, yapata saa nane, tulisikia kitanda kikigongagonga ukuta. Tulipowasha taa tulimkuta kijana amekakamaa, macho yamegeuka, mikono na miguu yarukaruka, na povu mdomoni. Hatutaeleza zaidi. Waliokwisha kuona wanajua, na ambao hawajaona twawaombea wasione.

Kilio cha mama kikamwamsha jirani yetu, bibi mmoja mzee ambaye nyumba yake na yetu zapakana. Watoto humwita Bibi, na sisi twamwita hivyo hivyo, naye hutuita wanangu. Akaingia bila kubisha hodi, akamtazama mtoto, akasema, “Wanangu, hili ni dege. Limempitia. Msimkimbize sindanoni, mtoto wa dege akichomwa sindano hakai.” Akataka moto na vitu vya kufukizia, na majani akayafuata mwenyewe uani kwake.

Na sisi, tuliosoma, tulifanya nini? Tulisimama. Baba alikuwa na funguo mkononi. Mama alikuwa amekwisha jifunga kanga mbili na kumweka mtoto mchanga mgongoni. Lakini neno lile, kwamba sindano itamwua, lilitufunga miguu kwa muda wa robo tatu ya saa. Mtu asidhani hofu ya namna hiyo ni ya wajinga tu. Aliye katika giza hushika mkono wa kwanza unaonyoshwa.

Kutetemeka kwa kwanza kulikoma, mtoto akalala mzito, tukamshukuru Mungu. Kisha kukaja kwa pili, kwa nguvu zaidi. Hapo ni Bibi mwenyewe aliyeuacha moto wake akasema, “Mchukueni. Twendeni sote.” Alikwenda nasi katika bajaji, kichwa cha mtoto mapajani mwake, akisoma dua njia nzima.

Hospitalini walimchoma kidole, na kipimo cha haraka kikaonyesha malaria. Tena walimpima sukari, nayo ilikuwa imeshuka mno. Wakamtia maji yenye sukari mshipani, wakampiga sindano ya artesunate, na nyingine baada ya saa kumi na mbili, na nyingine tena ilipotimia siku nzima. Alipoweza kumeza wakampa dawa mseto ya siku tatu. Siku mbili hakutujua. Siku ya tatu alifungua macho akaomba maji, na jina alilolitaja la kwanza halikuwa letu, lilikuwa la Bibi.

Kitanda cha pili alilala mtoto mwingine, wa umri uleule, aliyeletwa na mama yake kutoka mbali, upande wa bonde la Lukuledi. Walikuwa wamefika alfajiri ileile. Yeye alikuwa ameshikwa na homa siku nne. Ilipofika saa nne asubuhi kitanda kile kilikuwa kitupu. Tofauti ya watoto wale wawili ilikuwa siku mbili, na twajua pia kwamba robo tatu ya saa yetu ingaliweza kututia upande wa yule mama.

Baadaye tulimwuliza muuguzi mmoja kwa nini watu wa pwani wanaamini sindano humwua mtoto wa degedege. Akatujibu kwa upole kwamba hawakulibuni jambo hilo. Waliliona kwa macho yao. Zamani, na hata sasa mahali pengine, mtoto hufukizwa kwanza siku mbili tatu, na akifikishwa hospitali amekwisha kuwa taabani. Hupigwa sindano, kisha hufariki. Wazazi hurudi kijijini, na watu huuliza, “Kwani alifanywa nini?” Jibu huwa, “Alipigwa sindano.” Walichoona ni kweli. Wasichoona ni ugonjwa uliokuwa umekwisha maliza kazi yake kabla ya sindano. Tangu siku ile hatumcheki mtu anayesema dege, bali twamwuliza homa ilianza lini.

Tena muuguzi yule alitufundisha jambo ambalo laiti tungalijua usiku ule. Mtoto akishikwa na degedege, alazwe ubavu, nguo zilegezwe, na vitu vigumu viondolewe karibu naye. Asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, wala asinyweshwe kitu, hata dawa, mpaka azindukane. Si kila degedege ni malaria. Homa yoyote kali yaweza kuileta, na mara nyingine ni ugonjwa wa utando wa ubongo. Kwa hiyo hapana mtu awezaye kukaa nyumbani akatambua ni ipi. Huenda hospitali usiku huohuo. Na homa ya mtoto mdogo, hata bila degedege, isipitishe siku moja kabla ya kupimwa. Dawa ya kutuliza homa hutuliza joto la mwili, haiui vimelea vya malaria; ndiyo maana ilitudanganya vile.

Kijana wetu aliburuta mguu wa kushoto kwa wiki kadhaa, kisha ukapona. Si kila mtoto hupona hivyo. Wako ambao hubaki na udhaifu wa mwili au wa akili.

Chandarua cha pili tulikitundika siku tuliyorudi. Juu ya joto, Bibi alitufundisha kukihamisha kitanda kikae kati ya dirisha na mlango, nalo dirisha tukalitia wavu, na mtoto akaoga maji ya uvuguvugu kabla ya kulala. Siku tatu alilia, siku ya nne akazoea. Na wale wenye watoto shuleni wasisahau kwamba Lindi, pamoja na Mtwara na Ruvuma, ndiyo mikoa ambayo mwaka 2013 mpango wa kugawa vyandarua kwa wanafunzi ulianzia. Chandarua alichopewa mwanafunzi si cha kufugia vifaranga, wala cha kuvulia dagaa, wala cha kuzungushia bustani ya mchicha. Tumeviona vyote vitatu, na kimoja katika hivyo kilikuwa uani kwa mtumishi mwenzetu ambaye yumo humu ukumbini. Hatutamtaja, amekwisha kucheka.

Sasa tuseme juu ya binti. Hapo tulitofautiana na Bibi, naye anajua kwamba tutalisema. Bibi alitaka mtoto apewe maji, kwa kuwa joto ni kali, na uji mwepesi alipotimia miezi mitatu. Kliniki walisema maziwa ya mama matupu mpaka miezi sita, hata maji yasiongezwe, kwa kuwa maziwa yenyewe yana maji ya kumtosha mtoto, na kikombe cha maji machafu huleta kuhara. Tukashika neno la kliniki. Ila hapa pana fundo la watumishi, ambalo waganga hawaligusi sana. Likizo ya uzazi kwa sheria ni siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua mapacha. Miezi sita ni kama siku 180. Hizo siku zilizobaki mtoto atanyonya wapi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama anyonyeshaye ruhusa ya kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, isiyozidi saa mbili kwa siku. Tuliuliza katika ofisi tatu au nne za marafiki zetu ni akina mama wangapi wanaojua haki hiyo. Walijua wachache, waliothubutu kuidai walikuwa wachache zaidi. Mama wa nyumba yetu aliidai kwa barua, akaigawa saa moja asubuhi na saa moja alasiri, na kwa kuwa nyumba haikuwa mbali aliweza kwenda na kurudi. Wanaokaa Mitwero au Ng'apa na kufanya kazi mjini hawawezi hivyo kwa urahisi. Kwao njia ni kukamua maziwa katika chombo safi chenye mfuniko, na mlezi amnyweshe mtoto kwa kikombe kidogo, si kwa chupa yenye chuchu ambayo ni taabu kuisafisha. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne mahali penye baridi ya wastani. Kwa joto letu tusingoje hata hizo, yawekwe katika jokofu au ndani ya chombo chenye barafu. Baba naye ana likizo yake, siku tatu, ambazo twashauri asizitumie kupokea wageni.

Twasema pia neno juu ya dada wa kazi. Wengi wetu twamwachia binti wa miaka kumi na minane mtoto tunayempenda kuliko roho zetu, lakini hatukumwonyesha hata mara moja namna ya kuchanganya dawa ya kuhara. Pakiti moja katika lita moja ya maji safi, na mtoto anyweshwe kidogo kidogo kila anapoharisha. Pamoja na hiyo vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, kama atakavyoelekezwa kliniki. Pakiti zikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote sawasawa na ukingo wa kijiko, katika lita ileile. Sisi tumeliandika hilo kwa wino mkubwa tukalibandika jikoni, pamoja na namba ya simu ya dereva wa bajaji.

Katika chakula Bibi alitushinda wazi. Tulipokuja tulikuwa tukinunua unga wa uji uliochanganywa nafaka na mbegu kumi na mbili, tukidhani wingi wa majina ndio lishe. Bibi akauliza, “Mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele: si vyote ni ugali?” Na ndivyo ilivyo, vyote ni vya kundi moja, na mtoto hapati zaidi kwa kuvichanganya. Yeye hupika uji wa unga mmoja mzito kidogo, kisha hutia ufuta uliokaangwa na kusagwa, au karanga, au tui la nazi, na kando yake samaki aliyechambuliwa miiba kwa vidole vyake mwenyewe. Mkoa huu ni wa ufuta na korosho. Magunia yapita barabarani kwenda mnadani, na watoto wa wakulima wale wale hula muhogo mtupu. Hata ming'oko, ambayo watoto huipenda mno na sisi pia, hushibisha tu. Haifai kuwa ndiyo chakula chote. Mbaazi, choroko, kisamvu na matembele ziko sokoni kwa bei ya kila mtu. Lakini karanga na mahindi yaliyoota ukungu yatupwe, yasipelekwe kwenye mashine ya kusaga. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sumu ya kuvu iliyokuwa katika mahindi.

Juu ya chanjo hatutasema sana, kwa kuwa wengi wenu mnazitimiza. Ila kumbukeni dozi ya pili ya surua na rubela, mtoto atimizapo miezi 18, ambayo wazazi huisahau kwa sababu mtoto amekwisha kukimbia na kadi imekwisha kupotea. Hesabu ya taifa yaonyesha kazi hii si bure: katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 67 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano, katika uchunguzi wa mwaka 2022 walikuwa 43. Anayehamishwa abebe kadi ya mtoto mkononi, si katika lori la vyombo. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikata barabara huko Somanga, wasafiri walikwama, na vyombo vya watu vilikaa njiani siku nyingi.

Na michezo? Mtoto wa mtumishi siku hizi hufungiwa ndani na simu ya mama. Kijana wetu alipopona mguu, daktari alisema atembee mchangani. Bibi akampeleka pwani maji yakitoka, akawa hukimbiza kaa na kujenga nyumba za mchanga, na wajukuu wa Bibi wakamfundisha kombolela na mdako. Mguu uliponea huko. Hatuna la kuongeza, isipokuwa kwamba asicheze katika madimbwi na mabwawa ya maji baridi, kwa ajili ya kichocho, na avae viatu aendapo uani, kwa ajili ya safura.

Siku moja Bibi alituuliza ikiwa tungali na hasira naye kwa ajili ya usiku ule. Tulimwambia kwamba funguo zilikuwa mkononi mwetu, si mwake. Akanyamaza kitambo, kisha akasema yeye alizika watoto wawili kwa dege, miaka ya ujana wake, na wote wawili hawakufika hospitali kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kuwafikisha. Mwezi uliofuata tulimsikia akimwambia binti wa jirani, aliyekuwa na mtoto mwenye homa, “Moshi nitakufukizia mtakaporudi. Kwanza nenda kapime.”

Jioni hii watoto wetu wako kwake. Tulimwambia tutawachukua saa mbili, nayo yakaribia. Muuguzi tuliyemtaja amekubali kufuatana nasi, ameketi pale mstari wa mbele na pakiti zake na kipimo cha malaria, naye atajibu maswali ambayo sisi hatuyawezi.